Namna ya Kuunganisha Moduli za Programu katika Mfumo wa Kamera za Ulinzi Wenye Utambuzi

Mfumo wa kamera za ulinzi huitwa wenye utambuzi pale unapofanya zaidi ya kurekodi: unatambua kwamba kilichopita mbele ya lenzi ni mtu au gari, unafuata mwenendo wake kutoka fremu moja hadi nyingine, kisha unaulinganisha mwenendo huo na yale unayoyajua kuhusu mahali penyewe, yaani ramani, saa za kazi na watu wenye ruhusa, kabla ya kuamua kama mlinzi apewe tahadhari. Kazi hizo hazifanywi na programu moja. Kuna moduli inayopokea mikondo ya video, kigunduzi, kifuatiliaji, injini ya kanuni, kinasa, hifadhidata na skrini ya mlinzi, na mara nyingi kila moja imeandikwa na watu tofauti, kwa lugha tofauti ya programu. Karibu kila moja hufanya kazi vizuri ikijaribiwa peke yake. Hitilafu huanza zinapokutana, na nyingi kati ya hizo ni za kimya: hakuna programu inayoanguka wala ujumbe mwekundu unaotokea, ila kisanduku kinachorwa pembeni ya mtu badala ya juu yake, au tahadhari inafika ikiwa imechelewa nusu saa.

Mwongozo huu unachukua mfano wa yadi ya maghala yenye kamera 8, seva moja yenye kadi ya michoro, na chumba cha walinzi. Msomaji anayekusudiwa ni yule anayejua kuandika programu na aliyekwisha kuona modeli ya kugundua vitu ikifanya kazi kwenye kompyuta yake, lakini hajawahi kuifunga pamoja na vitu vingine katika mfumo unaotakiwa kuwa macho usiku na mchana.

Makubaliano ya ujumbe kabla ya msimbo

Katika michoro ya mifumo, visanduku huchorwa kwa uangalifu na mishale huchorwa kwa haraka, ilhali kazi yote ya kuunganisha imo ndani ya mishale. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika kitakachopita katika kila mshale: taarifa gani zitakuwemo, kwa vipimo gani, nani atazijaza na nani haruhusiwi kuzibadilisha. Kwa yadi yetu, ujumbe unaotoka kwa kifuatiliaji kwenda kwa injini ya kanuni unaweza kuwa hivi:

```
{
  "toleo": 2,
  "tukio_id": "lango-02:7f3a:000412",
  "kamera": "lango-02",
  "wakati_wa_picha": "2025-03-14T23:07:41.320Z",
  "wakati_wa_kutolewa": "2025-03-14T23:07:41.610Z",
  "aina": "mtu",
  "uhakika": 0.81,
  "njia_id": "lango-02:7f3a:58",
  "kisanduku": [0.412, 0.300, 0.468, 0.655],
  "ardhi_m": [14.2, 6.8],
  "modeli": "kigunduzi-yadi-1.4.0"
}
```

Kisanduku kimeandikwa kwa sehemu za picha nzima, kuanzia 0 hadi 1, kwa utaratibu wa kushoto, juu, kulia, chini. Utaratibu huo uandikwe waziwazi katika makubaliano, kwa sababu kila familia ya programu ina desturi yake: mkusanyiko wa picha wa COCO hutaja kona ya juu kushoto ukifuatiwa na upana na kimo, ilhali modeli za jamii ya YOLO hutaja kitovu cha kisanduku pamoja na upana na kimo. Zote ni namba nne, na programu inayopokea namba nne haiwezi kujua kuwa imepewa zisizo zake.

Alama ya 7f3a ni namba ya kipindi, ambayo hutengenezwa upya kila mara kifuatiliaji kinapowashwa. Vifuatiliaji vingi huanza kuhesabu njia, yaani safari ya kila kitu kinachofuatiliwa, kutoka 1, hivyo programu ikizimika na kuwaka tena usiku wa manane, mtu wa pili kuonekana atapewa namba aliyokuwa nayo dereva wa jioni, na injini ya kanuni itaamini kwamba mtu mmoja amezurura yadini kwa saa sita. Namba ya kipindi huziba tundu hilo kwa gharama ya herufi nne.

Sehemu ya uhakika nayo inahitaji tahadhari. Alama 0.81 kutoka modeli moja hailingani na 0.81 kutoka modeli nyingine, na wala si uwezekano wa asilimia 81 isipokuwa mtu ameipima na kuisawazisha. Vizingiti vya uhakika vikae karibu na kigunduzi, katika faili yake ya mipangilio, ili kanuni za juu zisiandikwe kwa kutegemea tabia ya modeli itakayobadilishwa mwaka ujao.

Wakati wa picha

Hapa ndipo ninaposhauri ukali kuliko mahali pengine popote. Wakati wa picha hupigwa muhuri mara moja, karibu na kamera kadiri inavyowezekana, na hakuna moduli nyingine inayoruhusiwa kuugusa. Moduli inayoandika wakati ambao yenyewe ilipokea fremu, badala ya wakati ambao picha ilipigwa, huingiza ndani ya data ucheleweshaji wa mtandao, wa bafa na wa kusimbua video, na ucheleweshaji huo haufanani kati ya kamera na kamera. Matokeo yake ni kwamba mtu huonekana kuingia ghalani kabla hajapita getini, na kanuni yoyote inayotegemea mfuatano wa matukio inaharibika ingawa imeandikwa kwa usahihi.

Njia ya kuupata wakati wa kweli ipo ndani ya itifaki zenyewe. Video ya kamera za mtandao husafiri kwa RTP, itifaki ya kubeba video na sauti mtandaoni, ambayo kwa video hutumia saa ya mapigo 90,000 kwa sekunde inayoanza na namba ya bahati nasibu, kwa hiyo namba hiyo peke yake haisemi ni saa ngapi. Hata hivyo kamera hutuma pia, kwa vipindi, taarifa za RTCP, itifaki mwenza ya RTP, zinazooanisha namba ya RTP na saa ya kawaida ya NTP (itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao), na kwa kutumia taarifa hizo moduli ya kupokea inaweza kukokotoa wakati wa kila fremu. GStreamer, programu ya kuchakata mikondo ya video, inaweza kuambatisha wakati huo kwenye fremu. Kazi ya kawaida ya kufungulia video katika OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, hairudishi taarifa hizo, na hiyo ni sababu tosha ya kutoitumia kama mlango wa kuingilia wa mfumo, hata kama ndiyo inayofundishwa katika masomo mengi ya mwanzo.

Hayo yote yanadhani kwamba saa ya kamera ni sahihi. Kamera za ulinzi zinapaswa kufungiwa zisifike intaneti, hivyo haziwezi kulinganisha saa zao na seva za nje. Wekeni seva ya NTP ndani ya mtandao wa yadi na kamera zote ziielekee hiyo. Saa iliyopotea huleta pia tatizo lisilotarajiwa la kuingia: uthibitishaji wa ONVIF (lugha ya pamoja ya kamera za mtandao, inayoelezwa chini) unaotumia muhtasari wa nenosiri huambatanisha wakati wa ombi, na kamera yenye saa iliyo mbali sana na ya seva inaweza kulikataa nenosiri lililo sahihi kabisa. Ombi la kuuliza saa ya kamera halihitaji nenosiri, kwa hiyo programu iulize kwanza, ipime tofauti, kisha ndipo ijitambulishe.

Umeme unapokatika na kurudi, mambo huwa magumu zaidi. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri, hivyo huamka ikidhani bado ni wakati ilipozimika, na hubaki hivyo hadi ipate NTP. Moduli yoyote inayotoa matukio isubiri uthibitisho kwamba saa imelinganishwa kabla ya kutuma ujumbe wa kwanza. Dakika moja ya ukimya baada ya jenereta kuwaka ina hasara ndogo kuliko matukio ya saa tisa usiku yaliyoandikwa kuwa ya saa tano.

Wakati wote uhifadhiwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, kama herufi Z katika mfano wetu inavyoonyesha, na ugeuzwe pale tu unapoonyeshwa kwa mtu. Tukio letu la saa 23:07 UTC la tarehe 14 ni saa nane na dakika saba usiku wa kuamkia tarehe 15 kwa Afrika Mashariki, na hapo kuna mitego miwili. Kanuni inayosema "usiku" au "siku ya mapumziko" lazima ikokotoe kwa saa ya mahali. Skrini nayo ionyeshe saa kwa namna moja tu ambayo walinzi wenyewe wameichagua, kwa kuwa mlinzi anayeandika "saa 8" kwenye daftari la zamu huku skrini ikisema 02:07 anaacha kazi ya kufasiri kwa yule atakayefanya uchunguzi wiki ijayo.

Kupokea na kugawa mikondo

ONVIF, umoja ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony, ndio unaowezesha kamera za watengenezaji mbalimbali kuulizwa maswali kwa lugha moja. Unaponunua, tazama wasifu unaotajwa: S na T zinahusu mikondo ya video, G inahusu kurekodi, na M inahusu taarifa za uchambuzi zinazotoka kwenye kamera yenyewe. Video yenyewe huombwa kwa RTSP, itifaki ya kuagiza mkondo, kwa kawaida kupitia mlango wa 554. Kwa kamera zilizounganishwa kwa redio badala ya waya, lazimisha RTSP ipite ndani ya TCP, inayotuma tena pakiti zilizopotea. Kwa UDP, isiyozituma tena, pakiti zinazopotea huacha picha iliyochafuka hadi fremu kuu (picha kamili isiyotegemea fremu nyingine) inayofuata, na kigunduzi hakijui kwamba kile kijivu kilichosambaa si kitu.

Fremu kuu zenyewe zinastahili kukaguliwa. Kamera ikitoa fremu 25 kwa sekunde na fremu kuu moja kila baada ya 50, anayejiunga na mkondo atasubiri hadi sekunde mbili kabla ya kuona picha kamili, na hilo linavumilika. Baadhi ya kamera zina ukandamizaji wa kijanja unaorefusha nafasi hiyo mara nyingi pale pasipo na mwendo. Uzime, kwa sababu akiba ya diski unayoipata haifidii ugumu wa kukata vipande vya ushahidi mahali panapotakiwa.

Kamera nyingi za bei nafuu huruhusu wateja wachache tu kwa wakati mmoja, hivyo kigunduzi, kinasa na skrini zisijiunge na kamera moja kwa moja. Weka msambazaji mmoja, kwa mfano MediaMTX, anayepokea kila mkondo mara moja na kuugawa ndani. Kinasa kiwe mchakato unaojitegemea kabisa, ili kigunduzi kikianguka kurekodi kuendelee; hata siku ambayo akili mnemba yote imezimika, yadi inabaki na kamera za kawaida. Kuhusu ukubwa wa diski hesabu ni nyepesi: mkondo wa megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43.2 kwa siku, na kamera 8 kwa siku 30 hufikia takribani terabaiti 10.4.

Mkondo mkuu utumike kurekodi, na mkondo mdogo utumike kugundua, kwa kuwa kusimbua video kubwa mara mbili ni kupoteza nguvu. Lakini pima kwanza kama mikondo hiyo miwili inaonyesha eneo moja. Kuna kamera ambazo mkondo wake mkuu ni 1920 kwa 1080 na mdogo ni 704 kwa 576. Uwiano wa pande haulingani, na baadhi ya kamera huibana picha huku nyingine zikiikata pembeni. Ikibanwa, sehemu za 0 hadi 1 zinabaki sahihi. Ikikatwa, kisanduku kilichopatikana kwenye mkondo mdogo hakitaangukia mahali pake kwenye video iliyorekodiwa, na msimamizi atakayefungua ushahidi ataona mraba mwekundu umezunguka ukuta. Weka kibao chenye alama kwenye kila pembe ya picha, piga picha kwa mikondo yote miwili, linganisha.

Kigunduzi na mlango wake

Modeli ihamishwe kutoka mazingira ya mafunzo kwa umbo la ONNX, muundo wa faili ya modeli unaosomwa na programu nyingi, na toleo la programu inayoiendesha lifungwe pamoja nayo. Kinachosumbua zaidi ni maandalizi ya picha kabla ya kuingia kwenye modeli, kwa kuwa maandalizi hayo mara nyingi yaliishi katika msimbo wa mafunzo na hayakuandikwa popote pengine. Mambo mawili hujirudia. La kwanza ni rangi: OpenCV hupanga rangi kwa bluu, kijani, nyekundu, ilhali modeli nyingi zilifunzwa kwa nyekundu, kijani, bluu. Ukikosea, modeli itaendelea kugundua ila kwa uhakika uliopungua, na watu wataanza kulaumu mwanga wa yadi. La pili ni vipimo. Picha ya 1920 kwa 1080 ikiwekwa ndani ya mraba wa 640 bila kupotoshwa hupunguzwa mara tatu hadi 640 kwa 360, kisha huongezewa ukanda mtupu wa pikseli 140 juu na 140 chini. Anayerudisha visanduku lazima atoe zile 140 kabla ya kuzidisha kwa tatu. Akisahau, kila kisanduku kitashuka pikseli 420 kwenye picha halisi.

Kinga yake ni kuwa na picha chache za rejea ambazo majibu yake yamehifadhiwa, na kuzipitisha kwenye mlango wote, kuanzia faili ya picha hadi ujumbe wa mwisho, kila toleo jipya linapoandaliwa. Majibu yakitofautiana zaidi ya kiasi mlichokubaliana, toleo lisitoke.

Kuna suala la aina za vitu pia. Modeli zilizofunzwa kwa COCO zinajua aina 80, na humo mna mtu, baiskeli, gari, pikipiki, basi na lori, lakini hamna bajaji wala mkokoteni. Bajaji ikiingia yadini itaitwa gari katika fremu moja, pikipiki katika inayofuata na lori katika ile ya baadaye, na kifuatiliaji kinachokataa kuunganisha aina tofauti kitaikata njia yake vipande vitatu. Ama ufunze modeli upya kwa picha za mahali pako, jambo ninalolipendekeza, ama uziweke aina zote za magari katika kundi moja kabla ya kufuatilia na uache uamuzi wa aina kamili ufanywe mwishoni mwa njia. Bodaboda ina mkanganyiko wake: modeli huona mtu na huona pikipiki, hivyo kanuni ya kuhesabu waenda kwa miguu itamhesabu dereva aliyeketi. Moduli ndogo ya kuunganisha visanduku vilivyopandana, iliyowekwa kati ya kigunduzi na injini ya kanuni, inatosha.

Kabla ya kuchagua modeli soma leseni yake. Programu za Ultralytics, kwa mfano, hutolewa kwa AGPL-3.0, inayodai watumiaji wapewe chanzo cha programu hata wanapoitumia kupitia mtandao, na kampuni isiyotaka masharti hayo inahitaji leseni ya kibiashara.

Foleni na dalali wa ujumbe

Chukua kigunduzi kinachotumia milisekunde 50 kwa fremu moja: uwezo wake ni fremu 20 kwa sekunde. Kamera 8 zikitoa fremu 5 kila moja kwa sekunde zinaleta 40. Foleni isiyo na ukomo kati yao itapokea yote bila kulalamika, na baada ya saa moja kigunduzi kitakuwa kinatazama picha za nusu saa iliyopita huku kila kipimo cha afya kikisema mfumo uko hai. Foleni ya fremu iwe fupi, na ikijaa itupe fremu ya zamani zaidi. Kwa picha za moja kwa moja fremu mpya ina thamani kuliko ya zamani. Baada ya kuweka ukomo huo ndipo utafute kuongeza kasi, kwa kupitisha fremu kadhaa kwa mkupuo mmoja kwenye kadi ya michoro, au kwa kuacha kuchambua kamera ambayo haina mwendo.

Matukio ni kinyume chake. Tukio lililokwisha kutambuliwa halipaswi kupotea, hivyo lipite kwa dalali wa ujumbe, yaani programu inayopokea ujumbe na kuugawa kwa moduli nyingine, mwenye uhakika wa kufikisha. Kwa yadi ya ukubwa huu MQTT, itifaki nyepesi ya ujumbe, inatosha, na Kafka, mfumo mkubwa wa kusambaza ujumbe, ni mzigo usio na sababu hadi ufikie mamia ya kamera. Chagua kiwango cha 1 cha huduma, ambacho huahidi kwamba ujumbe utafika angalau mara moja, na kwa hiyo unaweza kufika mara mbili. Ndiyo maana tukio lina utambulisho wa pekee, na kila mpokeaji anatakiwa kuupuuza ujumbe aliokwisha kuupokea. MQTT ina pia kipengele cha wosia: moduli inapojiunga humwachia dalali ujumbe utakaotangazwa iwapo itakatika ghafla. Tumia wosia kwa kila moduli, ili kifo cha kigunduzi kionekane kwenye skrini ya mlinzi bila kusubiri mtu agundue kwamba hakujawa na tahadhari tangu jana.

Picha zenyewe zisipite kwa dalali. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 iliyosimbuliwa kwa rangi tatu ina baiti 6,220,800. Ndani ya seva moja tumia kumbukumbu ya pamoja, na katika ujumbe weka kiungo tu cha mahali picha ilipo.

Kutoka pikseli hadi mita, na kutoka mita hadi uamuzi

Kifuatiliaji cha jamii ya SORT, iliyotolewa mwaka 2016, hutabiri mahali kisanduku kitakapokuwa kwa kichujio cha Kalman (hesabu ya kukisia mwendo kutokana na vipimo vilivyotangulia), kisha hulinganisha utabiri huo na visanduku vipya kwa kiasi vinavyopandana. Kwa fremu 5 kwa sekunde, mtu anayetembea husogea chini ya nusu mita kati ya fremu na fremu, na visanduku vyake hupandana. Pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa husogea mita mbili, karibu urefu wake wote, na upandanaji unaweza kutoweka kabisa. Kwa hiyo idadi ya fremu haiamuliwi na kigunduzi peke yake. Tena, kwa kuwa foleni yetu hutupa fremu, nafasi kati ya fremu haiwi sawa. Kipe kifuatiliaji tofauti halisi ya wakati badala ya kukiacha kidhani kila hatua ni moja ya tano ya sekunde.

Kubadilisha pikseli kuwa mita za ardhi hufanywa kwa kupima kwa futi kamba angalau alama nne zinazoonekana kwenye kamera, bila tatu zozote kati yake kuwa kwenye mstari mmoja, na kukokotoa kigeuzi kimoja kwa kila kamera baada ya kunyoosha upindaji wa lenzi. Nukta inayogeuzwa ni katikati ya ukingo wa chini wa kisanduku, pale miguu inapogusa ardhi. Fundi akisafisha kamera na kuigeuza kidogo, kigeuzi hakifai tena. Hifadhi picha ya rejea na uilinganishe kila siku ili mfumo wenyewe uripoti kwamba kamera imesogea.

Injini ya kanuni ndiyo inayostahili jina la utambuzi, na ndiyo inayoandikwa kwa pupa kuliko zote. Iandike juu ya vipindi vyenye mwanzo na mwisho, si juu ya fremu. James Allen alionyesha mwaka 1983 kwamba vipindi viwili vya wakati vinaweza kuhusiana kwa namna 13 tu, kama vile kutangulia, kugusana, kupishana na kuwa ndani ya kingine, na lugha hiyo inatosha kusema "lori lilikuwa kwenye mlango wa ghala, na wakati huohuo mtu aliingia kwa mlango wa nyuma ambao ratiba haikuonyesha kazi yoyote". Kuingia na kutoka eneo kuhesabiwe baada ya kithibitisho cha fremu kadhaa, la sivyo mtu aliyesimama juu ya mpaka atazalisha tahadhari kumi kwa dakika. Na kwa kuwa matukio ya kamera mbalimbali hayafiki kwa utaratibu, injini isubiri kidogo, tuseme sekunde mbili, kabla ya kufunga hesabu ya wakati uliopita. Ratiba ya zamu na orodha ya mizigo inayotarajiwa hutoka kwenye mifumo mingine ya ofisi. Ikikosekana, injini iseme kwamba haijui, isidhani kwamba hakuna aliyeruhusiwa.

Kila tahadhari ibebe orodha ya matukio yaliyoizaa na jina la kanuni iliyotumika. Mlinzi anayeweza kuona sababu hujifunza haraka kuamini au kukosoa, na asiyeweza huizima sauti. Modeli kubwa za lugha zinazoeleza picha kwa maneno zinaweza kupewa kipande cha video cha tukio lililokwisha kutolewa, ili kurahisisha utafutaji. Maelezo yake yasihesabiwe kuwa ushahidi, wala zisiwekwe katikati ya njia ya tahadhari.

Nyuso, nywila na ufutaji

Utambuzi wa nyuso, kama unatakiwa kabisa, uwe moduli inayoweza kuzimwa bila kugusa nyingine. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliripoti Desemba 2019 kwamba katika programu nyingi ilizozipima makosa ya kumfananisha mtu na asiye yeye yalikuwa juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki. Anayefunga mfumo huo Mombasa au Mwanza asichukue kizingiti kilichowekwa na muuzaji bila kukipima kwa watu wa hapo. Sheria nazo zipo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa mtu wa programu, maana yake ya kila siku ni kwamba ufutaji lazima upite katika moduli zote. Video ikifutwa baada ya siku 30 huku vipande vya matukio, picha ndogo za skrini na nakala za akiba zikibaki, taarifa ya mtu haijafutwa.

Kamera zikae kwenye mtandao wa peke yake na nywila za kiwandani zibadilishwe. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na vifaa vingine vingi kwa kujaribu nywila hizo tu. Kagua pia logi zako, kwani anwani ya RTSP mara nyingi hubeba jina na nenosiri ndani yake, na moduli inayoshindwa kuunganishwa huiandika nzima kila inapojaribu tena.

Kuwasha na kubadilisha

Usisubiri moduli zote zikamilike. Jenga kwanza njia nyembamba kutoka mwanzo hadi mwisho: faili ya video inayochezwa kana kwamba ni kamera, kigunduzi bandia kinachotoa kisanduku kilekile kila mara, kanuni moja, skrini moja. FFmpeg, programu ya kuchakata video, inaweza kucheza faili kwa kasi yake ya asili na kuirudia bila kikomo, na msambazaji akaipokea kama kamera. Kwa majaribio ya kanuni, mkusanyiko wa CAVIAR una video za watu wakitembea, wakikutana, wakipigana na kuacha mizigo, pamoja na maelezo ya kilichotokea. Ni za pikseli 384 kwa 288, hivyo hazifai kupima kigunduzi cha leo, ila kwa mantiki ya matukio bado zinatosha. Njia ikipitika, badilisha moduli bandia kwa za kweli moja baada ya nyingine.

Kisha vuruga kwa makusudi. Chomoa waya wa kamera, ua kigunduzi, sogeza saa ya kamera moja kwa dakika kumi, zima umeme wote na uurudishe. Hili la mwisho huonyesha kama moduli zinasubiriana kwa utaratibu au zinakimbilia kamera zote kwa pamoja kabla hazijaamka. Majaribio ya kuunganishwa upya yaongezewe muda hatua kwa hatua, pamoja na tofauti ndogo ya bahati nasibu kati ya moduli.

Modeli mpya inapokuja, iendeshwe sambamba na ya zamani kwa muda, ikitoa ujumbe wake kwenye mada (mkondo wenye jina ndani ya dalali) tofauti ambayo skrini ya mlinzi haiisomi. Tofauti kati ya hizo mbili zitazamwe na mtu anayeijua yadi, hasa za usiku, wakati wadudu wanaovutwa na taa za kamera na utando wa buibui mbele ya lenzi hufanya modeli kuona vitu visivyokuwepo. Baada ya kubadilisha, modeli ya zamani na faili ya vizingiti vyake zibaki kwenye diski hadi siku za kuhifadhi video zipite, kwa kuwa tukio la wiki tatu zilizopita likihojiwa, litahitaji kuendeshwa upya kwa modeli ileile iliyolitoa, na jina lake limo katika sehemu ya mwisho ya ujumbe.